Makro haijui ngeli wala viambishi: Tahadhari unapobadilisha maandishi kwenye ramani za nyumba

KATIKA makala haya ninanuia kujadili jambo ambalo aghalabu huachiwa wasanifu majengo na wachoraji wa ramani, ilhali kimsingi ni suala la lugha. Nalo ni namna ya kurekebisha maandishi yaliyomo katika michoro ya kompyuta kwa kutumia makro na mikato ya kibodi.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na vilevile lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, ramani za nyumba nilizopata kuziona karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza, na fundi anayezisoma pale mjengoni hushinda akizungumza Kiswahili na wenzake. Hivi majuzi mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mchoraji, aliniomba nimtafsirie maandishi ya ramani moja. Kuyapata maneno hakukuwa na ugumu. Shughuli ilikuwa kuyatia ndani ya mchoro.

Tuanze na istilahi. Makro ni mfuatano wa amri uliohifadhiwa pamoja ili uitekeleze kazi nzima kwa kubofya mara moja. Mkato wa kibodi ni herufi chache zinazosimama badala ya amri ndefu. Katika programu ya AutoCAD, kwa mfano, ukiandika ED unahariri maandishi, na ukiandika MA unanakili sifa za andishi moja hadi jingine. Mikato hii imeorodheshwa katika faili iitwayo acad.pgp, na mtumiaji ana ruhusa ya kuongeza yake. Andika humo mstari TAFUTA, *FIND kisha uiwashe programu upya. Kuanzia hapo, amri ya kutafuta na kubadilisha maneno itaitika kwa Kiswahili sanifu.

Changamoto ya kwanza ni nafasi. ‘BEDROOM’ ina herufi 7, ilhali ‘CHUMBA CHA KULALA’ hutwaa nafasi 17. Katika mchoro wa kipimo cha 1:100, chumba chenye upana wa mita 3 hupata milimita 30 tu za karatasi. Ikiwa andishi limeshikizwa upande wa kushoto, litarefuka kuelekea kulia hadi livuke mstari wa ukuta. Kwa hiyo, kabla ya kutafsiri chochote, badilisha mshikizo uwe katikati. Makro ya kazi hiyo ni hii:

^C^C_SELECT;\_JUSTIFYTEXT;_P;;_MC

Alama ^C^C hukatiza amri yoyote inayoendelea. Nukta mkato ni sawa na kubonyeza kitufe cha Enter. Mkwaju unaoegemea kushoto huisimamisha makro ili uchague maandishi unayoyataka. P huyarejelea uliyoyachagua, na MC huyashikiza katikati bila kuyahamisha. Je, mstari mdogo wa chini una kazi gani? Huo huiambia programu isome amri kwa Kiingereza hata kama imetafsiriwa kwa Kijerumani au Kifaransa. Andishi likizidi nafasi hata baada ya hapo, ni heri kuligawa katika mistari miwili kuliko kuzifinya herufi ambazo fundi atazisoma juani.

Changamoto ya pili ndiyo nzito zaidi, nayo inatokana na muundo wa Kiswahili. Kompyuta hutafuta herufi, haitafuti maana. Ukiiagiza ibadilishe ‘UA’ kuwa ‘UWANJA’ kila mahali, andishi ‘MAJI YA MVUA’ litageuka ‘MAJI YA MVUWANJA’. Hilo ni la kuchekesha, na yeyote atang’amua kwamba pana kosa.

Lipo lisilochekesha. Chukua ramani ya kukarabati nyumba kuukuu. Baadhi ya kuta zimeandikwa ‘UKUTA UTABOMOLEWA’. Nyingine, zinazobeba paa, zimeandikwa ‘UKUTA HAUTABOMOLEWA’. Mwenye nyumba anabadili nia na kusema zile za kwanza nazo zibaki. Mchoraji anaamuru ‘UTABOMOLEWA’ iwe ‘UTABAKI’. Basi, kwa kuwa kikanushi ‘ha-’ kimeambatishwa mwanzoni mwa kitenzi, ‘HAUTABOMOLEWA’ inageuka ‘HAUTABAKI’. Ukuta uliokatazwa kuguswa sasa umeagizwa uondolewe, tena kwa sentensi fasaha isiyomshtua msomaji! Katika Kiingereza neno la kukanusha hujitenga na kukaa katikati ya kirai, kwa hivyo utafutaji wa aina hiyo haungelipata andishi la kukanusha.

Dawa yake ni kuteua chaguo la kutafuta neno zima pekee. Lakini dawa hiyo nayo ina kasoro yake. Ukitafuta ‘JIKO’ kwa njia hiyo, ‘JIKONI’ itarukwa, maadamu kiambishi ‘-ni’ kinaifanya kuwa neno jingine machoni pa kompyuta. Yaani mpangilio unaokuokoa na kikanushi ndio unaokunyima kielezi cha mahali.

Kuna pia upatanisho wa kisarufi. ‘NEW’ ya Kiingereza haibadiliki, lakini sisi tuna mlango mpya, dirisha jipya na chumba kipya. Hakuna makro itakayobadilisha neno hilo pweke kwa usahihi. Vivyo hivyo, ukigeuza ‘MLANGO’ kuwa ‘MILANGO’, ‘WA MBAO’ itabaki palepale ikidai ‘YA MBAO’.

Ushauri wangu kwa wachoraji ni kwamba kizio cha kubadilisha kiwe kirai kizima badala ya neno moja. Andaa orodha ya virai vyote vilivyomo katika mchoro, uvitafsiri kimoja kimoja, kisha uanze kubadilisha virefu kabla ya vifupi. Vitenzi vyenye ukanushi vitenge na uvikague kwa macho, kimoja baada ya kingine. Nasi wanaisimu tusingoje kuletewa orodha hiyo mezani. Tuketi kando ya mchoraji anapoiandika makro, kwa sababu maarifa ya viambishi tunayoyafundisha darasani yanaweza kuamua ukuta upi utabaki umesimama.