Manipur: Kibali Kisichotoka Delhi

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Julai 2004, askari wa kikosi cha Assam Rifles walibisha hodi kwenye nyumba moja karibu na Imphal, mji mkuu wa Manipur, jimbo dogo la India lililopakana na Myanmar. Walimchukua Thangjam Manorama, mwanamke kijana waliyemtuhumu kuwa katika kundi la waasi. Kabla ya kuondoka waliiachia familia hati ya ukamataji, imejazwa na kutiwa saini. Kulipokucha, maiti yake iliokotwa kando ya njia ikiwa na matundu ya risasi. Askari walieleza kwamba alijaribu kutoroka.

Siku nne baadaye wanawake kumi na wawili walifika mbele ya lango la Kangla, ngome ya kale ya wafalme wa Manipur iliyogeuzwa kambi ya kikosi hicho, wakavua nguo zote mchana kweupe. Wengi wao walikuwa watu wazima, wenye watoto na wajukuu. Walipaza sauti wakisema wao wote ni mama zake Manorama, waliyeamini alibakwa, na kama jeshi linataka kubaka, basi lianze nao. Kabla mwaka haujaisha, Kangla ilirudishwa mikononi mwa serikali ya jimbo. Sheria iliyowapa askari ujasiri wa kubisha hodi usiku ule haikuguswa.

Sheria hiyo ni ya mwaka 1958, nayo huitwa kwa kifupi AFSPA. Mbegu yake ilipandwa na Mwingereza: Agosti 1942, Gandhi na wenzake walipoitaka Uingereza iondoke India, serikali ya kikoloni ilitoa amri ya kuwapa askari mamlaka maalumu ya kuzima maandamano. India huru ikaichukua ileile, kwanza kuwakabili wapiganaji wa Kinaga waliotaka nchi yao. Kufikia 1980 Manipur nzima ilikuwa imetangazwa kuwa "eneo lenye machafuko", na tangazo hilo ndilo swichi inayoiwasha sheria.

Ni sheria fupi, kurasa chache tu. Kifungu cha 4 kinamruhusu hata askari wa cheo cha chini asiye na kamisheni kufyatua risasi mpaka kuua, baada ya onyo analoona linafaa, dhidi ya yeyote anayevunja amri kama ile ya kukataza mkusanyiko wa watu watano au zaidi. Anaweza kukamata na kupekua bila hati ya hakimu. Wengi huishia hapo wanapoilaumu, na hapo ndipo wanapokosea kidogo, kwa kuwa nguvu yake hasa imo katika kifungu cha 6. Hicho kinasema hakuna atakayemshtaki askari kwa jambo alilolifanya chini ya sheria hii bila kibali cha serikali kuu. Mjane wa Imphal anayetaka kesi lazima kwanza asubiri saini ya Delhi. Katika jimbo jirani la Nagaland, makomando waliwaua wachimbaji sita wa makaa ya mawe huko Oting, Desemba 2021, wakidhani ni waasi. Polisi wakakamilisha upelelezi na kuwataja washtakiwa 30. Kibali kikakataliwa, kesi ikasimama.

Mtu aliyeijulisha dunia sheria hii hakuwa mwanasheria. Tarehe 2 Novemba 2000, watu kumi waliuawa kwa risasi za Assam Rifles kwenye kituo cha basi cha Malom. Irom Sharmila, binti wa miaka 28, akaanza kugoma kula akidai sheria ifutwe. Serikali ilimshtaki kwa kujaribu kujiua, kosa ambalo adhabu yake haikuzidi mwaka mmoja. Kwa hiyo kila mwaka alifunguliwa, akaendelea kufunga, akakamatwa tena. Alilishwa kwa mrija puani katika wodi ya hospitali iliyofanywa gereza lake. Alikomesha mgomo Agosti 2016, baada ya karibu miaka 16, akaulamba mkono wake uliotiwa asali. Mwaka uliofuata aligombea ubunge dhidi ya waziri kiongozi wa jimbo. Alipata kura 90.

Mahakama zilikwenda mwendo wa kinyonga. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ilisema sheria haipingani na katiba, ila tangazo la machafuko lipitiwe kila baada ya miezi sita. Kamati ya Jaji Jeevan Reddy, iliyoundwa baada ya kifo cha Manorama, ilipendekeza sheria ifutwe. Ripoti ikalala kabatini. Mwaka 2012 chama cha familia za waliouawa kilifungua shauri lenye orodha ya vifo 1,528. Mahakama iliteua tume, nayo ikachukua visa sita kama kielelezo. Ilikuta kwamba vyote sita havikuwa mapigano ya kweli. Julai 2016 majaji wakatamka kwamba hata katika eneo lenye machafuko askari hana kinga kamili, na mwaka uliofuata wakaamuru upelelezi.

Halafu likaja pigo ambalo haliwezi kutwikwa jeshi peke yake. Tangu tarehe 3 Mei 2023, Wameitei wa bondeni na Wakuki wa milimani wamepigana na kuuana; zaidi ya watu 250 wamekufa na takriban 60,000 wamehama makwao. Bunduki kwa maelfu ziliporwa kwenye maghala ya polisi. Serikali ilifunga intaneti kwa miezi, ndiyo sababu video ya wanawake wa Kikuki wakitembezwa uchi mbele ya kundi la wanaume ilionekana Julai tu, ingawa tukio lilikuwa la Mei na polisi walikuwa na taarifa. Hati ya mashtaka inaeleza kwamba wanawake hao walikimbilia gari la polisi, na dereva akasema hana ufunguo.

Mahali ambako sheria ya 1958 ilikuwa imeondolewa hatua kwa hatua, hasa bondeni, Delhi iliirudisha Novemba 2024 katika maeneo ya vituo sita vya polisi. Baraza la mawaziri la jimbo likaomba iondolewe. Machi 2025, jimbo likiwa tayari chini ya utawala wa moja kwa moja wa rais, muda wake uliongezwa miezi sita Manipur yote, isipokuwa maeneo ya vituo 13.