Mkaa Unakamata Nini Katika Maji?

Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko ya Mto Rufiji yaliingia mashambani na majumbani katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Maji ya mafuriko hupita vyooni, kisha huingia visimani. Ndiyo maana katika madarasa yetu tunaulizwa: je, mkaa unasafisha maji ya kunywa?

Unasafisha, lakini si kila uchafu.

Mkaa una vijitundu vingi sana, vidogo hata macho hayavioni. Harufu mbaya, rangi na baadhi ya sumu, kama zile za dawa za kuua magugu ya mpunga, hunata ndani ya vijitundu hivyo. Viwandani vijitundu huongezwa. Vifuu vya nazi, ambavyo sisi tunavitupa jikoni, huchomwa kuwa mkaa. Kisha mkaa huo hupitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000. Huitwa mkaa amilifu. Gramu 1 tu, kama ungeweza kuikunjua yote, ingefunika kiwanja cha mita 20 kwa 25! Tanuri letu la udongo haliwezi kazi hiyo. Kwa hiyo mkaa wa kupikia una nguvu ndogo zaidi.

Tena wataalamu huurekebisha mkaa kufuatana na sumu iliyopo. Wakiutia asidi, hukamata vizuri zaidi madini kama risasi. Mkoani Arusha sumu ni floraidi, inayoharibu meno na kupinda mifupa. Huko, kwenye kituo cha Ngurdoto, wametengeneza mkaa wa mifupa ya ng'ombe, maana mkaa wa miti hauifai kazi hiyo.

Kwetu adui ni kipindupindu. Vijidudu vyake hupita kwenye mkaa. Vijidudu vingine hukaa humo humo na kuzaliana, hasa mkaa ukikaa muda mrefu bila kubadilishwa. Basi maji yanatoka meupe, hayanuki, mtu anakunywa kwa raha, kumbe maradhi yamo! Yachemshe mpaka yatokote kweli kweli, yaendelee kutokota dakika 1 au zaidi. Au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, ungoje dakika 30. Hapa pana jambo la kuangalia sana. Ukitia klorini kwanza, halafu ukachuja kwa mkaa, mkaa utaila dawa yote. Mkaa kwanza, dawa baadaye.

Na chumvi je? Ndugu zetu wa delta wanajua kwamba bahari ikijaa, maji ya chumvi hupanda mtoni. Mkaa haukamati chumvi, hata ule wa kiwandani. Kuchemsha nako hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, chumvi inazidi kukolea. Huko kinga maji ya mvua. Mvua ikikosekana, nenda na mtumbwi juu zaidi mtoni wakati maji yamekupwa, uchote huko, kisha uyachemshe.