Soksi Gani za Kupandia Mlima?

Huenda shule yenu imepanga safari ya kwenda Mandara, au hata Kibo. Huenda kaka yako ni mpagazi, na wewe unangoja tu umalize kidato cha nne umfuate. Koti umeshafikiria, kofia pia. Je, na soksi? Wengi huchukua zile zile za shule, basi. Hapo ndipo matatizo huanza.

Baridi ya huko juu ikoje?

Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa digrii 6 hivi. Moshi mjini ni mita 800 na kitu; Kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Tofauti ni kama mita 5,000. Piga hesabu: digrii 30! Siku ambayo Moshi watu wanakimbilia kivuli, kileleni maji yanaganda. Tena wapandaji wengi huanza safari ya mwisho usiku wa manane.

Mwili ukipata baridi kali hulinda kwanza moyo, mapafu na ubongo. Damu inayokwenda vidoleni hupungua, ndiyo maana vidole huumia mapema. Jambo hili si geni Uchagani. Katikati ya miaka ya 1800, wamisionari Rebmann na Krapf waliandika habari waliyosimuliwa: Mangi wa Machame alituma watu wakachunguze kile kitu cheupe mlimani. Alirudi mmoja tu, mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi.

"Si nivae pea tatu tu?"

Hapana. Soksi si jiko, haina moto wake. Inachofanya ni kushika hewa iliyopashwa na mguu wako, isitoroke. Ukijaza soksi nene ndani ya buti, hewa inabanwa na damu inazuiwa kupita. Utasikia baridi kuliko mwenye pea moja! Hata wachezaji wa skii huko Ulaya, wanaoteleza juu ya theluji, hushauriwa kuvaa soksi moja nyembamba ndani ya buti zao za kubana.

Adui mkubwa ni maji. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Na si lazima mvua inyeshe: ukitembea, mguu unatoa jasho. Kwa hiyo swali la kwanza si "Ni nene?" bali "Ikilowa itakuwaje?"

Pamba, sufu au nailoni?

Pamba: Ni nzuri darasani. Mlimani hunywa jasho, haikauki upesi, na hugeuka kitambaa cha maji baridi. Pia hulainisha ngozi ukapata malengelenge.

Sufu: Manyoya ya kondoo hunyonya unyevu ndani ya uzi, na bado hutunza joto. Sufu laini hutoa soksi nyepesi isiyowasha.

Nailoni na poliesta: Hazinywi maji mengi, hukauka upesi, tena ni imara. Peke yake hazitunzi joto kama sufu.

Iliyo bora ni sufu iliyochanganywa na nailoni kidogo.

Ukienda mtumbani

Huna haja ya duka la watalii. Pale soko la Memorial, chambua kwa subira. Lebo ikisema "wool" ni sufu. "Cotton" ni pamba. Haina lebo? Ukishainunua, chomoa uzi mmoja uuchome kwa uangalifu, mbali na nguo. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Pamba hunuka kama karatasi. Nailoni huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

Angalia kisigino kisiwe kimelika, na mpira wa juu usikate mguu. Kisha vaa pamoja na buti: vidole vicheze bila shida.

Soksi za mtumba zifue kwanza kwa sabuni, kwani zinaweza kuwa na fangasi. Sufu ifue kwa maji ya uvuguvugu. Ya moto yataifanya isinyae. Anika juani. Na usiazimane soksi na rafiki, hata kama mmeshibana vipi.

Mlimani

Beba angalau pea tatu: mbili za kutembelea kwa zamu, na moja ya kulalia tu. Hiyo ya kulalia isiguse jasho! Ukifika kambini badilisha mara moja, hata kama umechoka.

Kama wewe ni mpagazi na huna vifaa, usione aibu kuuliza. Mradi wa KPAP mjini Moshi umekuwa ukiwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo.

Dalili za hatari

Vidole vikifa ganzi, vikawa vigumu au rangi yake ikapauka, mwambie kiongozi hapo hapo. Usijikaze kiume. Vua soksi zilizolowa, vaa kavu, pasha vidole kwa joto la mwili, kama kwapani kwa mwenzako. Usisugue. Usiviweke karibu na moto, maana vyenye ganzi huungua bila wewe kujua. Ganzi isipoisha, shuka ukamwone daktari. Mlima utakuwepo hata mwakani. Vidole vikishakatwa havioti tena.

KUMBUKA: Kavu kwanza, nene baadaye!