Sekunde 5 mbele ya kikapu: Kichwa kikitulia, mkono hufuata

RUSIZI. Simama asubuhi karibu na daraja la Rusizi ya Kwanza umtazame mama muuza sambaza anapobadilisha pesa. Mkononi ana faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola chache. Pikipiki zinapiga honi, wabeba mizigo wanaomba njia, mtu anamwita kwa sauti. Haitiki. Anamaliza kuhesabu kwanza, ndipo anageuka. Anajua akikosea hapo, faida ya siku nzima imekwenda.

Utulivu huohuo ndio anaouhitaji mwanawe jioni kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, awe Kamembe au ng'ambo, Bukavu. Vijana wetu hufundishwa kukimbia, kuruka na kupiga chenga. Ni wachache wanaofundishwa kutuliza akili, na mechi nyingi za pointi mbili tatu hupotea hapo.

Tuangalie mtupo huru. Mstari uko mita 4.6 kutoka kwenye ubao. Pete iko juu mita 3.05 na ina upana wa sentimita 45, karibu mara mbili ya upana wa mpira. Hakuna mpinzani anayeruhusiwa kukuzuia. Kanuni za shirikisho la dunia, FIBA, zinakupa sekunde 5 tangu mwamuzi anapokukabidhi mpira. Kijana anayefunga vizuri mazoezini anaweza kukosa mitupo yote miwili siku ya mechi, timu yake ikiwa nyuma kwa pointi moja.

Hofu ndiyo inayomharibia. Moyo huenda mbio, pumzi inakuwa fupi, mabega yanakaza. Anaanza kuwaza mtupo aliokosa, makelele ya watazamaji na uso wa kocha. Mwisho anaanza kuusimamia mkono ambao tayari unaijua kazi yake, na mpira unagonga pete.

Joan Vickers, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada, alilichunguza jambo hili mwaka 1996 kwa kupima macho ya wachezaji wanapotupa mitupo huru. Waliofunga vizuri zaidi walikazia macho pete kwa karibu sekunde nzima kabla ya kutupa. Wale wa kiwango cha chini yao walitumia chini ya nusu ya muda huo, macho yakihamahama. Baadaye aliifundisha timu ya chuo mbinu hiyo, na katika misimu miwili ufungaji wao ulipanda. Hii inaonyesha kwamba utulivu unaweza kufundishwa kama chenga inavyofundishwa.

Nchini Marekani, kocha Phil Jackson wa Chicago Bulls alimwita George Mumford awafundishe wachezaji wake kuketi kimya na kufuatilia pumzi zao. Miongoni mwa waliofundishwa alikuwemo Michael Jordan, na timu hiyo ilitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 1996 hadi 1998. Vipaji vilikuwepo, lakini hata wenye vipaji vile hawakuona aibu kujifunza kutulia.

Mifano ipo hapa kwetu pia. Mwaka 2021, katika AfroBasket iliyochezwa Kigali, Uganda iliitoa Nigeria, nchi ambayo wiki chache kabla ilikuwa imeishinda Marekani katika mechi ya kirafiki, ingawa kikosi hakikuwa kilekile. Mwaka 2023, katika uwanja huohuo ambao sasa unaitwa BK Arena, wanawake wa Rwanda walifika nusu fainali mbele ya watu wao. Anayecheza nyumbani hubeba shangwe na mzigo kwa pamoja. Naye Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma kwenye ziwa hilihili la Kivu, alichaguliwa wa saba kuingia NBA mwaka 2021 na mwaka uliofuata akawa bingwa na Golden State Warriors.

Kijana wa Rusizi aanzie wapi? Kwanza, awe na utaratibu mmoja asioubadilisha: adundishe mpira mara tatu, avute pumzi na kuitoa polepole, akazie macho pete, atupe. Aufanye vilevile mazoezini na kwenye mechi. Pili, afanye mazoezi ya mitupo huru mwishoni, akiwa amechoka, wenzake wakipiga kelele, na atupe miwili miwili kama kwenye mechi. Tatu, akikosa, awe na neno moja fupi la kujirudisha, kama "inayofuata", kisha akimbie kuzuia. Nne, aandike kwenye daftari alitupa mingapi na kufunga mingapi, kama mama yake anavyoandika mauzo na madeni. Tano, alale mapema na simu iwe mbali. Mwili uliokesha hautulii.

Hayo yote hayagharimu hata faranga moja zaidi ya daftari. Wazazi wengi wanaovuka mpaka kila siku huuliza, na wana haki kuuliza, mpira huu utamletea mtoto nini. Tuseme ukweli: wengi hawatafika NBA, wala ligi ya Kigali. Lakini mtoto aliyezoea kuvuta pumzi, kutazama jambo moja na kusahau kosa la dakika iliyopita ataingia na mazoea hayo kwenye chumba cha mtihani, na kesho dukani.

Nawe mfanyabiashara, somo linakuhusu. Jana uliuziwa nyanya zilizooza, au bei ya dola ilikugeuka ukiwa katikati ya daraja. Ukibeba hasira ya jana kwenye biashara ya leo, utahesabu vibaya. Vuta pumzi, hesabu mara moja, hakikisha mara ya pili, ndipo uitike.