Mawe ya Angani Yenye Majina ya Kwetu

Mji wa Tanga uko wapi? Wengi watajibu: uko pwani, kaskazini ya Dar es Salaam. Mto Ruvuma uko wapi? Wasafiri wa Lindi na Mtwara watajibu: uko kusini, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji. Majibu hayo ni sahihi. Lakini kuna Tanga nyingine, na kuna Ruvuma nyingine. Hizo haziko duniani. Ziko angani, mbali kuliko mwezi. Ni mawe makubwa yanayolizunguka jua.

Mawe hayo ni nini? Nani aliyapa majina ya kwetu? Na majina ya angani hutolewaje? Tusome.

Asteroidi ni nini?

Dunia yetu hulizunguka jua mara moja kila mwaka. Sayari nyingine, kama Zuhura, Mirihi na Mshtarii, nazo hulizunguka jua. Kati ya njia ya Mirihi na njia ya Mshtarii kuna mawe mengi sana, nayo yanalizunguka jua. Jiwe la namna hiyo huitwa asteroidi. Nyingine ni ndogo kama nyumba. Nyingine ni kubwa kama milima. Kubwa kuliko zote huko ni Ceres. Upana wake ni kilometa 940 hivi. Huo ni zaidi ya umbali wa Kibiti hadi Mwanza kwa mstari ulionyooka. Siku hizi Ceres huitwa pia sayari kibete.

Karibu asteroidi zote hazionekani kwa macho matupu. Huonekana kwa darubini. Lakini vipande vyake huanguka duniani mara kwa mara. Hivyo huitwa vimondo. Huko Ndolezi, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, kuna kimondo cha chuma chenye uzito wa zaidi ya tani 10. Kinaitwa Kimondo cha Mbozi. Kimondo hupewa jina la mahali kilipookotwa. Asteroidi haina kijiji wala wilaya. Kwa hiyo jina lake lazima litafutwe.

Jina la kwanza ni la muda

Hapa kwetu mtoto huweza kuitwa kwa wakati aliozaliwa. Wako akina Juma na Mwajuma. Wako akina Shabani na Ramadhani. Ukilisikia jina, unapata habari za siku au mwezi.

Asteroidi mpya nayo hupewa kwanza jina la namna hiyo. Tanga ilionekana tarehe 19 Juni, 1930. Jina lake la kwanza lilikuwa 1930 ME. Tarakimu 1930 ni mwaka. Herufi M huonyesha nusu ya pili ya mwezi wa Juni. Herufi E ni ya tano katika alfabeti. Maana yake, hii ilikuwa asteroidi ya tano kuandikishwa katika nusu hiyo ya mwezi.

Baadaye wataalamu huendelea kuitazama, pengine kwa miaka mingi. Wakishaijua njia yake vizuri, huipa namba ya kudumu. Ruvuma ilionekana mwaka 1937, baada ya Tanga. Lakini namba ya Ruvuma ni 1427, na ya Tanga ni 1595. Ruvuma ilitangulia kupata namba, ingawa ilionekana baadaye.

Nani aliyatoa majina ya kwetu?

Asteroidi ya kwanza kuonekana ni Ceres. Aliiona Giuseppe Piazzi tarehe 1 Januari, 1801, katika kisiwa cha Sicily. Ceres lilikuwa jina la mungu wa kike wa mavuno wa Warumi wa kale. Kwa miaka mingi walioona asteroidi walizipa majina ya hadithi za Ulaya.

Majina ya kwetu yalitoka Johannesburg, Afrika Kusini. Huko alifanya kazi mtaalamu mmoja mzaliwa wa Uingereza, Cyril Jackson. Katika kazi hiyo anga hupigwa picha usiku, kisha hupigwa tena. Nyota hubaki mahali pake. Asteroidi huonekana imesogea. Jackson alipata asteroidi 72. Nyingi zilipewa majina ya Afrika. Hizi ni baadhi yake:

Kenya, namba 1278, mwaka 1933.
Uganda, namba 1279, mwaka 1933.
Ruanda, namba 1638, mwaka 1935.
Tana, namba 1641, mwaka 1935.
Ruvuma, namba 1427, mwaka 1937.
Mombasa, namba 1428, mwaka 1937.
Pemba, namba 1429, mwaka 1937.

Tanga aliipata pamoja na mwenzake, Harry Wood.

Majina hayo ni heshima kwetu. Lakini tukumbuke pia kwamba miaka hiyo nchi zetu zilikuwa chini ya wakoloni. Aliyechagua jina ni yule aliyekuwa na darubini na kalamu. Mvuvi wa Pemba hakuwa na nafasi ya kusema neno.

Kanuni za leo

Leo asteroidi zinazojulikana ni zaidi ya milioni moja. Zenye majina ni chache kuliko hizo. Majina hukubaliwa na kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki, yaani wataalamu wa nyota. Umoja huo ulianzishwa mwaka 1919. Kanuni zake ni kama hizi:

1. Aliyeipata asteroidi ana haki ya kupendekeza jina kwa miaka 10 baada ya namba kutolewa.
2. Jina lisizidi herufi 16, na liweze kutamkika.
3. Jina lisiwe tusi, wala lisifanane sana na jingine.
4. Jina la mtu wa siasa au wa vita halikubaliwi mpaka ipite miaka 100 tangu afe.
5. Jina lisiwe tangazo la biashara.

Umoja huo hauuzi majina. Mtu akikuletea cheti ili ununue jina la nyota, weka fedha yako mfukoni.

Majina kutoka Ethiopia

Mwaka 1974 wataalamu walichimbua huko Ethiopia mifupa ya kiumbe wa kale, aliyeishi miaka milioni 3.2 hivi iliyopita. Wazungu walimwita Lucy. Waethiopia humwita Dinkinesh, maana yake "wewe ni wa ajabu". Mwaka 2021 Marekani ilirusha chombo cha angani kilichoitwa Lucy. Mwaka 2023 asteroidi moja iliyokuwa kwenye njia yake ilipewa jina la Dinkinesh. Chombo kilipita karibu nayo tarehe 1 Novemba, 2023. Picha zikaonyesha kwamba Dinkinesh ina mwezi wake mdogo. Mwezi huo ukaitwa Selam. Kwa lugha ya Kiamhari, selam ni amani. Neno hilo ni ndugu wa neno letu salama.

Na majina yetu wenyewe?

Wazee wetu walizijua nyota kabla ya darubini. Kundi moja waliliita Kilimia, kwa sababu liliwaonyesha majira ya kulima. Wavuvi nao walitazama nyota ili wajue njia usiku. Majina mengi ya namna hiyo yamo vichwani mwa wazee tu. Mzee akifariki, jina nalo huzikwa. Zamani kalamu ilikuwa mikononi mwa wengine. Leo wewe unajua kuandika. Muulize mzee wako majina ya nyota, na maana yake. Uyaandike katika daftari lako.

Maneno mapya

Darubini: chombo cha kutazamia vitu vya mbali.
Kimondo: jiwe au chuma kilichoanguka kutoka angani.
Kupendekeza: kutoa shauri ili wengine walikubali au walikatae.

Maswali

1. Kwa nini Tanga iliitwa kwanza 1930 ME?
2. Hesabu herufi za jina Nyamisati. Je, zinazidi 16?
3. Je, jina "Wavuvi wa Delta ya Rufiji" lingekubaliwa? Kwa nini?
4. Wewe ungependekeza jina gani? Mweleze mwenzako maana yake.