Sauti Iliyopotea: Istilahi za Kiswahili Mbele ya Kompyuta ya Kijerumani

Istilahi ya Kiswahili hupimwa kwa kawaida mahali pawili: katika kikao cha kamati inayoiidhinisha, na katika kurasa za kamusi inayoiorodhesha. Kuna mahali pa tatu ambapo wanaisimu hawajapazingatia vya kutosha, napo ni katika simu baina ya ndugu wawili ambao ni mmoja wao tu anayekiona kitu kinachotajwa. Hapo neno halina picha ya kulisaidia, wala kidole cha kuonyesha. Ama linafikisha, ama halifikishi. Mhadhara huu unachunguza hali moja ya aina hiyo, nayo ni ya kurejesha sauti iliyopotea katika kompyuta inayosema Kijerumani.

Chukua mfano wa kawaida. Shangazi anaishi Liuli, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kijana wake wa ukoo, mtoto wa kaka yake, anafanya kazi Mbinga mjini, juu katika milima ya Umatengo kwenye mashamba ya kahawa na mashimo ya ngoro. Kutoka huko barabara huteremka hadi Mbamba Bay, kisha safari huendelea kufuata ziwa. Ni safari ambayo mtu hafungi kwa sababu ya kompyuta kunyamaza. Mashine yenyewe ni ya mezani, ina spika mbili ndogo, na ilitumwa na mtoto wa shangazi aliyesoma Ujerumani. Ilikuja na kila kitu chake, lugha ikiwa mojawapo. Siku moja, baada ya meza kusogezwa ili chumba kifagiliwe, sauti haitoki. Shangazi anapiga simu Mbinga. Baada ya shikamoo na marahaba, anasema kwa ufasaha kamili: “Mwanangu, kompyuta imekauka sauti.”

Kabla ya kuingia katika ufundi, inafaa kuuliza ni kitu gani hasa kimepotea. Kila kilichoandikwa katika kioo cha mashine ile ni cha kigeni: menyu, maonyo, majina ya mafaili ya mfumo, hata siku za juma. Sehemu pekee ya kompyuta inayozungumza lugha za nyumba ile ni sauti. Nyimbo za kwaya zilizohifadhiwa humo ni za Kiswahili. Mtoto aliye mbali anapopiga simu ya video, huongea Kiswahili kilichochanganyika na Kinyasa. Sauti inapozimika, mashine iliyokuwa nusu ya kigeni inakuwa ya kigeni nzima. Kwa msomaji wa Kijerumani kukosa sauti ni usumbufu, lakini kwa shangazi ni sawa na mgeni aliyeondoka na mkalimani wake.

Kijerumani chenyewe si kigeni kabisa katika eneo hili. Liuli iliitwa Sphinxhafen na Wajerumani kwa ajili ya mwamba wake, na ni hapo ambapo meli yao, Hermann von Wissmann, ilishambuliwa na Waingereza mwezi Agosti 1914. Mmisionari Mbenediktini Johannes Häfliger alichapisha kamusi ya Kimatengo kwa Kijerumani mwaka 1909. Kiswahili nacho kilibaki na maneno kama shule na hela. Kuna jambo la kutafakari hapa: karne moja na ushei iliyopita Mjerumani aliketi Umatengo akiuliza majina ya vitu, na leo mwenyeji ndiye anayeketi mbele ya kioo akiuliza maana ya maneno ya Mjerumani.

Swali la kwanza la kijana ni jepesi: je, kipaza sauti kimechomekwa? Shangazi anajibu kwamba kimechomekwa. Wote wawili wamesema kweli, na bado hawajaelewana, kwa kuwa shangazi ameangalia kile kijiti cha kusemea anachokitumia wakati wa simu za video, ilhali kijana aliuliza kuhusu spika.

Utata huu si kosa la mtu yeyote kati yao. Kitenzi -paza kimetokana na -paa kwa unyambulishaji wa kauli ya kutendesha, hivyo kipaza sauti ni kinachoifanya sauti ipae. Neno lilipoenea katika mikutano ya hadhara, nyumba za ibada na viwanja vya michezo, liliukuta mtambo mmoja: mzungumzaji ameshika kitu mkononi, na juu ya mti kuna chombo chenye mdomo mpana. Vyote viwili viliipaza sauti ileile kwa wakati uleule, na haikuwapo haja ya kuvitenganisha. Mtangazaji hushika kipaza sauti, na msikitini kuna vipaza sauti juu ya paa, wala hakuna anayebabaika, kwa sababu muktadha unatosha. Kompyuta ndiyo iliyouvunja umoja huo. Ndani yake sauti inayoingia na sauti inayotoka hupita njia mbili tofauti, na moja inaweza kufa huku nyingine ikiwa nzima.

Mtu anaweza kudhani kwamba mkopo, yaani spika, una utata mkubwa zaidi, kwa kuwa neno hilohilo ni cheo cha kiongozi wa Bunge. Lakini hapa sarufi ya Kiswahili inafanya kazi ambayo kamati haikuombwa kuifanya. Spika wa Bunge huchukua upatanisho wa viumbe hai: Spika ameahirisha kikao. Spika ya kompyuta huchukua upatanisho wa vitu: spika imezimika. Kiambishi kimoja tu, na shaka imekwisha. Kipaza sauti hakina bahati hiyo. Kikiwa cha kusemea ni ki-/vi-, kikiwa cha kusikilizia ni ki-/vi- vilevile, na upatanisho unakaa kimya pale unapohitajika zaidi. Kwa hiyo neno la asili linaweza kushindwa na neno la mkopo, si kwa sababu ya uzuri wala ubaya wa asili yake, bali kwa sababu ya kazi ya kutofautisha. Hoja hii haiwapendezi watetezi wa usafi wa lugha, lakini ni vigumu kuikwepa.

Mafundi wa mitaani wamekwisha kupata njia nyingine, nayo ni kauli ya kutendea. Husema “pale unaposemea” na “pale inapotokea sauti”. Kutokana na mkondo huohuo yamepatikana maneno kama kisemeo na kisikilizio, ambayo yanastahili nafasi kubwa zaidi kuliko waliyopewa. Kinachotajwa si tena kupaa kwa sauti, bali mwelekeo wake: inaingia au inatoka.

Na mwelekeo ndio ufunguo wa ufundi wenyewe. Nyuma ya kompyuta nyingi za mezani kuna matundu ya mviringo yenye rangi. La kijani ni la kutolea sauti kwenda kwenye spika, la waridi ni la kisemeo, na la buluu ni la kuingizia sauti kutoka katika chombo kingine. Rangi hizo zilisanifiwa na watengenezaji mwishoni mwa miaka ya 1990, na hazihitaji tafsiri. Meza iliposogezwa, waya ulichomoka na kurudishwa katika tundu la waridi. Kijana anaomba uhamishiwe katika lile la kijani, kisha anauliza kama taa ndogo ya spika inawaka na kama kifundo chake kimezungushwa. Mambo haya ya mwili wa mashine hutangulia daima. Anayerukia kioo kwanza hupoteza saa nzima.

Hata hivyo bado kimya. Sasa ni zamu ya kioo.

Katika pembe ya chini upande wa kulia, karibu na saa, kuna alama ya spika. Ikiwa na msalaba au mstari pembeni, sauti imezimwa kwa makusudi. Katika matoleo ya zamani ya Windows ya Kijerumani palikuwa na maneno “Ton aus” mahali hapo. Aliyetafuta “Ton” katika kamusi ndogo angeweza kukutana kwanza na udongo wa mfinyanzi, kwa kuwa neno hilo lina maana zote mbili. Matoleo ya baadaye hutumia neno linaloanza kwa “stumm”, yaani bubu. Kiswahili kina kunyamazisha, nalo ni bora kuliko kuzima, maana kifaa kilichonyamazishwa hakijazimika: kinaendelea kufanya kazi bila kusikika.

Alama ya shangazi haina msalaba. Pabaya ni kwingine, na ili kufika huko kijana hawezi kutegemea majina ya menyu asiyoyajua wala mpangilio wake asioukumbuka. Anatumia kitu ambacho hakikutafsiriwa. Katika Windows, majina ya mafaili ya mfumo hubaki yaleyale mashine iwe ya Kijerumani, Kifaransa au Kiarabu. Ukibonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, kisha ukaandika mmsys.cpl na kubonyeza kitufe cha kuingiza, dirisha la sauti hufunguka bila kuuliza lugha yako. Kwa njia hiyohiyo devmgmt.msc hufungua orodha ya vifaa, ambamo kifaa kisicho na kiendeshi chake huwekewa pembetatu ya manjano.

Kuna mtego mmoja. Katika kibodi ya Kijerumani herufi Y na Z zimebadilishana nafasi. Kibodi ya asili ikiharibika na kununuliwa nyingine Mbinga au Songea, maandishi juu ya vitufe yatakuwa ya mpangilio wa Kiingereza ilhali mfumo bado unafikiri kwa Kijerumani. Shangazi atabonyeza Y na kioo kitaandika Z. Ndiyo maana fundi mzuri wa simuni haulizi “umeandika?” bali “soma ulichoandika, herufi moja moja”.

Dirisha linapofunguka, lina vichupo kadhaa juu, cha kwanza “Wiedergabe” na cha pili “Aufnahme”. Mwanafunzi wa istilahi asiyapite haraka maneno haya. La kwanza limejengwa juu ya kutoa, la pili juu ya kutwaa. “Aufnahme” hiyohiyo, katika mlango wa hospitali ya Ujerumani, ni mapokezi. Kijerumani nacho kimeigawa sauti kwa mwelekeo wake, sawasawa na mafundi wa mitaani wanaosema kutolea na kusemea. Hata lile neno refu linalotisha, “Audioausgabegerät”, ukilikata viungo vyake linatoa kifaa cha kutolea sauti, bila kubaki wala kuzidi.

Chini ya “Wiedergabe” kuna vitu viwili: “Lautsprecher”, ambayo ni spika, na jina la kioo chenyewe. Alama ya vema ya kijani imekaa kwenye kioo. Hili ni jambo la kawaida sana. Waya wa picha wa siku hizi unaweza kubeba sauti pia, na waya wa spika ulipochomoka, mfumo ulihamishia sauti kwenye kioo kisicho na spika hata moja. Kinachotakiwa ni kubofya “Lautsprecher”, kisha kitufe chenye maneno “Als Standard”. Hapa mwanachuo wa Kiswahili anaweza kujikwaa kuliko shangazi, kwa kuwa atalitafsiri kuwa sanifu. Hapana usanifishaji wowote hapa. Maana yake ni kifaa kitakachotumika pasipo kuteuliwa kingine, na tafsiri inayokubalika katika programu za Kiswahili ni chaguo-msingi.

Kijana anatoa pia katazo moja: asiguse kitufe chochote chenye “Löschen”. Neno hilo ni la kuzimia moto, lakini katika kompyuta ni kufuta, na nyimbo za kwaya hazina nakala nyingine. Akishikwa na shaka, abonyeze “Abbrechen”. Lina harufu ya kuvunja, lakini halivunji kitu, linaghairi tu.

Patakuwa na atakayeuliza kwa nini mashine isibadilishwe iwe ya Kiswahili. Swali ni la haki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na Microsoft nayo ilitoa kiolesura cha Kiswahili kwa ajili ya Windows XP. Kifurushi hicho kiliwekwa juu ya toleo la Kiingereza, kwa hiyo mashine ya Kijerumani ya wakati ule isingefaidika. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, matoleo mengi huruhusu kubadili lugha kwa kupakua kifurushi. Lakini kubadili lugha hakuhamishi alama ya vema. Na kama kioo cha Kiswahili kitaandika kipaza sauti bila kusema kipi, shangazi na kijana watarudi palepale walipoanzia, safari hii wakiwa wamepotezwa na lugha yao wenyewe. Kazi iliyobaki kwa wasanifu wa istilahi ni kuketi na mafundi na kuwasikiliza wanavyotofautisha.

Huko Liuli, alama ya kijani imehamia “Lautsprecher”. Kijana anaomba abofye mara moja kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina hilo na kuchagua “Testen”. Mlio mfupi unatoka katika spika ya kushoto, kisha ya kulia, na kijana anausikia Mbinga kupitia simu kabla shangazi hajasema lolote.