Adabu za Miteremkoni: Desturi za Watelezaji wa Theluji katika Tirol

Katika Tirol, jimbo la milimani magharibi mwa Austria, kuteleza juu ya theluji kwa skii, yaani mbao mbili ndefu na nyembamba zinazofungwa chini ya viatu, ni sehemu ya malezi kabla ya kuwa mchezo, na miji kama St. Anton na Kitzbühel huishi kwa sehemu kubwa kwa mapato ya wageni wanaofuata theluji. Wenyeji na wageni hukutana kwenye pisti, ambayo ni njia ya mteremko iliyoshindiliwa kwa mashine na kuwekewa rangi kulingana na ugumu wake: buluu kwa njia rahisi, nyekundu kwa ya wastani, nyeusi kwa ngumu. Kwa kuwa pisti haina mstari wa kugawa njia wala askari wa kuongoza msafara, usalama wa kila mmoja umo katika adabu ya mwenzake.

Adabu hiyo iliandikwa mwaka 1967, pale Shirikisho la Kimataifa la Skii lilipopitisha kanuni 10 za mwenendo katika mkutano wake wa Beirut, Lebanon. Kiini chake ni kwamba anayetoka juu ndiye anayepaswa kumkwepa aliye chini, kwa sababu aliye mbele hana macho kisogoni, na hata akipinda ghafla au akianguka, lawama humwelekea aliyemfuata pasipo kumwachia nafasi. Hata hivyo aliye mbele naye ana wajibu wake, kwani anayeingia kwenye pisti, anayeanza tena kushuka baada ya kupumzika au anayepinda kuelekea juu hutakiwa kwanza kutazama juu na chini, na anayesimama hujitenga pembeni, mbali na mahali pembamba au pasipoonekana. Anayetembea kwa miguu hushika ukingo, na sababu si kuogopa kugongwa tu: viatu vizito vya skii huacha mashimo ambayo, yakiganda usiku, huwa mitego kwa watakaopita asubuhi.

Hakuna bunge lililotunga kanuni hizi, lakini mahakama za Austria huzitumia kupima uangalifu wa mtelezaji. Mwaka 2009 Dieter Althaus, aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo la Thuringia nchini Ujerumani, aligongana na mwanamke mmoja kwenye miteremko ya Riesneralm, nje ya Tirol upande wa mashariki, baada ya kugeukia juu na kuingia njia ambayo wengine walikuwa wakiishuka. Mwanamke huyo alifariki, na mahakama ikamtia Althaus hatiani kwa kusababisha kifo kwa uzembe.

Zipo pia desturi ambazo hazikuandikwa, na pengine ndizo zinazomtambulisha mwenyeji. Kwenye foleni ya lifti ya viti, yaani viti vinavyoning'inia kwenye waya na kupandisha watu mlimani, kukanyaga skii za aliye mbele huhesabiwa utovu wa adabu, na kabla ya kushusha kizuizi cha usalama mtu huwaarifu anaoketi nao, kisije kikawagonga kichwani. Mwalimu mwenye kundi la watoto huwaomba watu wazima asiowajua wakae na mtoto mmoja mmoja, na ni nadra kukataliwa. Juu ya mita 1,000, watu husema, namna rasmi ya Kijerumani ya kumwita mgeni huachwa, na hakimu na mchunga ng'ombe huitana kama ndugu.

Ajali ikitokea, skii mbili husimikwa thelujini zikikatana, juu kidogo ya majeruhi, ili wanaoshuka wapunguze mwendo, na kila aliyehusika au kushuhudia hutoa jina na anwani yake. Kuondoka kimya ni fedheha, na polisi wa milimani humsaka aliyetoroka.

Ng'ambo ya mpaka, katika Tirol ya Kusini iliyo ndani ya Italia, sheria iliyoanza mwaka 2022 inadai bima ya kuwalipa wanaoumizwa na inakataza kuteleza ukiwa umelewa. Upande wa Austria kileo bado kimeachiwa busara ya mtu, jambo ambalo ni vigumu kulitetea mbele ya vibanda vya pombe vilivyojipanga kandokando ya pisti.

Jambo ambalo desturi haijalimaliza ni la wanaopanda kwa skii jioni, lifti zikiwa zimefungwa, wakati mashine za kushindilia theluji hufanya kazi zikiwa zimefungwa kwa waya wa chuma usioonekana gizani, unaoweza kukazika ghafla na kumkata mtu. Kampuni kadhaa za lifti zimewatengea wapandaji hao jioni maalumu za juma kwenye pisti zilizoteuliwa, na siku nyingine zote hufunga njia.